Lubumbashi: mbuzi wa Kasungami hakosi mvua, anakosa majani yaliyowekwa

Mwezi wa tisa ukifika, mbuzi wa Kasungami wanakula chochote. Wanasimama kwa miguu ya nyuma kutafuta jani la mwembe, wanachambua lundo la takataka pembeni ya barabara, wanatafuna maganda ya mihogo, karatasi na masashe ya plastiki. Jioni wanarudi kwenye parseli tumbo limejaa lakini hawakushiba. Wenye mifugo wanasema ni kiangazi, ni kipwa, na hakuna mtu anayeweza kugombana na mvua. Halafu siku ya kuuza ikifika, mbuzi yule yule anasifiwa kuwa ni wa "bio": hajapigwa sindano, hajala chakula cha kiwanda, ni wa kienyeji kabisa.

Mambo hayo mawili yanasemwa sana katika kata hii ya komini ya Annexe, na yote mawili si kweli. Kiangazi peke yake hakiui mbuzi Kasungami. Na mbuzi aliyeachwa ajitafutie kwenye takataka hawezi kuitwa wa bio, hata kama mwenyewe hajawahi kumwona munganga wa mifugo maisha yake yote.

Hasara inaonekana wazi kwenye kalenda. Masomo yanaanza tena mwanzoni mwa Septemba. Masomo ya msingi katika shule za serikali ni bure tangu mwaka 2019, lakini sekondari na shule za kipekee bado zinalipisha, na daftari, viatu na sare havikuwahi kuwa bure. Kwa jamaa nyingi za pembezoni mwa Lubumbashi mbuzi ndiye banki: hafunguliwi ila kwa ugonjwa, kilio ama minervali. Basi mwezi ambao jamaa inalazimika kuuza ndio mwezi ambao mbuzi amekonda kuliko wakati wowote wa mwaka. Mchuuzi wa michopo anajua hivyo. Anamshika mbuzi mgongoni, anahesabu mifupa kwa vidole, anataja bei, na mama mwenye mbuzi hana la kujibu kwa sababu mtoto anangoja kurudi darasani. Mbuzi huyo huyo angeuzwa mwezi wa nne angekuwa na kilo kadhaa zaidi. Kilo hizo zinapotea kila mwaka na hakuna anayeziandika popote.

Mvua ipo, swali ni majani yanaenda wapi

Lubumbashi si jangwa. Mji uko kwenye nchi ya juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, katikati ya misitu ya miombo, na unapata wastani wa milimita 1,200 hivi za mvua kwa mwaka. Shida ni kwamba karibu mvua yote inashuka kati ya Novemba na mwanzo wa Aprili. Kuanzia Mei hadi Septemba mbingu ni safi, usiku kuna baridi, mchana kuna vumbi.

Mtu akitaka kujua kama kiangazi cha namna hiyo kinatosha kuua mifugo, aangalie Shinyanga, kaskazini mwa Tanzania. Huko mvua ni milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, yaani nusu ya ile ya Lubumbashi ama zaidi kidogo, na kiangazi ni kirefu vile vile. Wasukuma wa eneo hilo wana desturi ya zamani inayoitwa ngitili. Mvua ikianza, kipande cha malisho kinafungwa, hakuna mnyama anayeingia. Majani yanakua, yanakauka yakiwa yamesimama, miti inachipuka. Kiangazi kikifika kikali, ngitili inafunguliwa, na wanaotangulia kuingia ni ndama, wanyama wagonjwa, wazee na wale wanaonyonyesha.

Desturi hiyo ilikuwa karibu kufa. Tangu wakati wa ukoloni miti ilikatwa kwa wingi, kwanza ili kuwafukuza mbung'o, baadaye kwa ajili ya mashamba ya pamba na kuni, mpaka watu wakaanza kuiita Shinyanga jangwa. Mwaka 1986 serikali ya Tanzania ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wakati huo ngitili zilizobaki zilihesabiwa kuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Serikali haikupanda miti yote hiyo. Kazi kubwa ilifanywa na wakaaji wenyewe kwa kufunga ardhi na kuiacha ipumzike, na mikutano yao ya kimila, dagashida, ndiyo iliyotoza faini aliyeingiza mifugo kabla ya wakati.

Inafaa kutaja pia jirani yake HASHI, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973. Kule Kondoa, udongo ulikuwa umeliwa na mmomonyoko kiasi kwamba mwaka 1979 serikali iliamua kuondoa mifugo yote katika eneo lililoharibika. Majani yalirudi, hilo ni kweli. Lakini jamaa zilipoteza maziwa, mbolea na akiba yao kwa siku moja, na miaka kumi baadaye ilibidi mifugo ianze kurudishwa, ikifungiwa na kuletewa chakula zizini. Wale wanaosema Lubumbashi kwamba dawa ya mbuzi wanaozurura ni kuwafukuza mjini wangesoma habari za Kondoa kwanza.

Kama Shinyanga yenye nusu ya mvua inaweza kuwa na majani mwezi wa tisa, kwa nini Kasungami haina? Jibu haliko mbinguni. La kwanza ni moto. Kila mwaka kuanzia mwezi wa sita pori linachomwa: mwindaji wa panya anachoma, mwenye shamba anachoma ili asafishe, mtoto anachoma kwa kucheza. Kwa siku moja chakula cha miezi mitatu kinageuka moshi. La pili ni makala. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kama profesa Yannick Useni Sikuzani, wameandika mara nyingi jinsi msitu unavyorudi nyuma kuzunguka mji kwa sababu ya makala na mashamba. Mti unaokatwa kwa makala ndio ule ambao mbuzi angepata majani yake mwezi wa tisa, maana miti mingi ya miombo inachipuka majani mapya kabla ya mvua kuanza. La tatu ni viwanja. Komini ya Annexe inazunguka komini nyingine sita za mji, na mji ukinenepa unanenepea kwake. Pori la jana ni parseli leo, lina ukuta na mlango wa chuma.

Katika mambo hayo matatu hakuna lililoletwa na mbuzi. Hata hivyo ndiye anayelaumiwa, pengine kwa sababu anaonekana barabarani, na lori la makala linapita usiku.

Majani ya mwezi wa saba ni kama kula karatasi

Kuna anayesema: lakini majani makavu yapo kila mahali mwezi wa saba, kwa nini mbuzi hashibi? Hapo ndipo wafugaji wengi wanadanganyika. Majani marefu ya miombo, yale ya kuezekea nyumba, yanakomaa haraka sana. Yakishatoa mbegu yanabaki mabua. Mbuzi hasagi chakula kwa tumbo lake tu. Anasaidiwa na wadudu wadogo wasioonekana wanaoishi ndani ya tumbo, na wadudu hao wanahitaji protini. Chakula kikiwa na protini chini ya asilimia 7 hivi, wanadhoofika, na mabua yanakaa tumboni siku nyingi bila kusagika. Mnyama anaonekana ameshiba kumbe anakonda. Majani ya kuezekea mwezi wa saba yako chini ya kiwango hicho.

Kwa hiyo kazi ya kiangazi inafanywa wakati wa mvua. Majani yanakatwa mapema, mwezi wa tatu ama mwanzo wa nne, yanapoanza tu kutoa maua. Yanaanikwa siku mbili tatu, yanageuzwa, yanafungwa mafungu na kuwekwa juu ya vijiti mahali penye paa, yasiguse udongo. Mvua za mwisho zinaweza kuharibu kazi, na majani yaliyooza ama yenye ukungu mweusi yasipewe mbuzi mwenye mimba, ni bora kuyatupa kwenye shimo la mbolea.

Hesabu yake si ya kutisha. Mbuzi wa kienyeji wa kilo 25 anakula kati ya gramu 750 na kilo moja ya chakula kikavu kwa siku. Akipewa gramu 400 za majani yaliyowekwa kila jioni, na mengine akajitafutia, kwa siku 150 anahitaji kilo 60. Mwenye mbuzi kumi anahitaji kilo 600. Kama fungu moja ambalo mtu anabeba kichwani lina kilo 15, hayo ni mafungu 40. Jamaa ya watu watano, wakikata mafungu mawili kila siku baada ya kazi ya shamba, wamemaliza kwa wiki tatu. Gharama ni mundu, kamba na paa la mabati ya zamani.

Lakini mabua hata yakikatwa mapema hayatoshi peke yake. Yanahitaji kuchanganywa na majani yenye protini, hasa ya mimea ya jamii ya maharage, na mengi yapo Kasungami tayari ila yanatupwa. Majani ya kalanga baada ya kung'oa yanaachwa shambani yakauke na kuchomwa. Matembele yakizidi yanatupwa. Mbaazi inaweza kupandwa kama ua kuzunguka parseli, inavumilia kiangazi na watu wanakula punje zake. Lusena inafaa pia, mradi isizidi theluthi moja ya chakula cha siku, kwa sababu ina sumu inayonyofoa manyoya mnyama akiila peke yake. Maganda ya mihogo ni chakula kizuri yakishakaushwa vizuri juani. Mabichi, hasa ya mihogo michungu, yanaweza kuua.

Wenye pesa kidogo wananunua pumba za mahindi. Hiyo ni msaada, lakini bei yake inafuata bei ya unga, na bei ya unga Lubumbashi inaamuliwa nusu yake kwenye mpaka wa Kasumbalesa. Februari 29, 2024, rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame wa Zambia kuwa janga la taifa, na Katanga ikakumbuka mara moja kwamba bukari yake inategemea mvua ya jirani. Mwaka wa namna hiyo mtu hawezi kumnunulia mbuzi pumba wakati watoto wanapunguziwa sahani. Aliyeweka mafungu 40 hapati hasara hiyo.

Ngitili ya mjini

Itasemwa kwamba Shinyanga ni vijiji na Kasungami ni mji, na hakuna ardhi ya kufunga. Ni kweli nusu. Hakuna hekta mia moja, lakini kuna vipande. Kuna vichuguu vikubwa vya Katanga ambavyo juu yake bado miti imesimama, ingawa wafyatua matofali wanavimaliza kimoja baada ya kingine. Kuna viwanja vikubwa vya shule na vya makanisa. Kuna mabonde yenye maji ambamo hairuhusiwi kujenga, na ukanda wa chini ya nyaya kubwa za SNEL ambamo pia hairuhusiwi. Mahali kama hapo hapafai nyumba, lakini panafaa mundu. Kikundi cha wafugaji kikipewa ruhusa ya kukata majani peke yake, bila kuingiza wanyama na bila kuchoma, mwenye kiwanja anasafishiwa bure na mbuzi wanapata akiba.

Ruhusa hiyo inatakiwa iandikwe. Sheria ya Julai 20, 1973 inasema ardhi ya Kongo ni mali ya serikali, lakini kila mkaaji wa Annexe anajua kwamba kwenye udongo wenyewe wanaoongea ni wengi: shefu wa kimila, shefu wa kata, komini, ofisi ya vyeo vya ardhi, na yule mwenye karatasi aliyetokea asubuhi. Kikundi kinachofunga kipande bila karatasi kitakuta mwezi wa sita kimeshapimwa na kuuzwa. Burgumesta anaweza kutia sahihi karatasi kama hiyo bila kungoja Kinshasa. Anaweza pia kuweka faini kwa anayechoma pori, na faini hiyo ikusanywe na kamati ya kata mbele ya watu, si na mtu mmoja kwenye kona. Dagashida za Shinyanga zilifaulu kwa sababu faini ilitozwa mbele ya wote.

Mbuzi wa bio ni yupi?

Neno "bio" linauza, ndiyo maana linatumiwa ovyo. Lakini lina kanuni. Codex Alimentarius, ile tume ya FAO na OMS ya mambo ya chakula, iliweka miongozo ya mifugo ya bio mwaka 2001. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliweka kanuni zao mwaka 2007, pamoja na alama inayoitwa Kilimohai. Kongo iliingia katika Jumuiya hiyo mwaka 2022, kwa hiyo mlango huo sasa si wa majirani tu.

Kanuni hizo hazisemi mnyama asitibiwe. Zinasema chanjo inaruhusiwa, mgonjwa lazima atibiwe hata kama dawa si ya asili, na kinachokatazwa ni kuwapa wazima antibiotiki ili wasiugue. Baada ya dawa, muda wa kungoja kabla ya kula nyama ama maziwa unazidishwa mara mbili. Zinasema pia mnyama apate chakula safi, maji safi, nafasi ya kutembea nje. Mwenye mbuzi anaandika alikula nini, alitibiwa lini, amezaliwa na nani. Kwa kipimo hicho, mbuzi wa lundo la takataka anaanguka kwenye mtihani wa kwanza kabisa.

Masashe ndiyo mfano mbaya kuliko yote. Dekreti ya Desemba 30, 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza na kuuza masashe ya plastiki nchini. Kila mchinjaji wa Lubumbashi anaweza kusimulia ni mara ngapi amepasua tumbo la mbuzi akakuta donge la plastiki ngumu kama mpira. Plastiki hiyo haisagiki, haitoki, inakalia nafasi ya chakula mpaka mnyama anakufa na njaa akiwa amejaa.

Katanga ina jambo jingine ambalo Kondoa wala Shinyanga hawana kwa kiasi hiki, nalo ni vumbi la madini. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na cha Leuven, Ubelgiji, miongoni mwao profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, walionyesha kwamba watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini wana kobalti na madini mengine mengi mkojoni. Mbuzi anakula majani yenye vumbi lile lile, bila kuyaosha. Kadmiamu, kwa mfano, inajikusanya kwenye maini na figo, sehemu ambazo walaji wengi wanazipenda. Haimaanishi kwamba mbuzi wa Kasungami ana sumu. Inamaanisha kwamba hakuna mwenye haki ya kuandika "bio" kwenye nyama yake kabla maini na figo za mbuzi kadhaa hazijapimwa, na majani yasikatwe pembeni ya barabara zinazopitiwa na malori ya madini. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha uganga wa mifugo kinachojulikana nchi nzima. Kazi hiyo ni yake, na haihitaji mfadhili mkubwa ili ianze.

Sotoka haingoji alama

Kabla ya alama yoyote kuna ugonjwa mmoja ambao unaweza kumaliza zizi kwa wiki mbili: sotoka ya mbuzi na kondoo, ambayo waganga wa mifugo wanaiita PPR. Mnyama anapata homa, anatoka makamasi na machozi, mdomo unajaa vidonda, anaharisha, anakufa. Mwaka 2012 FAO ilionya kwamba ugonjwa huo uliokuwa ukienea Kongo ulikuwa unatishia mbuzi zaidi ya milioni moja. Mwaka 2015, Abidjan, nchi za dunia zilikubaliana kuumaliza kabisa kufikia 2030. Chanjo yake ipo na ni nzuri: dozi moja inalinda kwa muda wa miaka mitatu angalau.

Kinachokwamisha ni mambo madogo. Chupa moja kwa kawaida ina dozi 50 ama 100, na ikishachanganywa na maji yake inatakiwa kwisha katika saa chache, tena ikiwa kwenye baridi. Mwenye mbuzi sita hawezi kununua chupa peke yake. Majirani kumi na watano wakileta mbuzi wao kwenye uwanja mmoja asubuhi moja, gharama ya kila mmoja inakuwa ndogo kuliko bei ya chupa ya Simba. Kwa hiyo chanjo inahitaji orodha ya wafugaji wa kata na siku moja iliyotangazwa makanisani na misikitini. Inspeksheni ya kilimo na mifugo ya jimbo ingeanza hapo badala ya kungoja ugonjwa ndipo itume ujumbe. Na mbuzi anayeletwa kutoka mbali kwa lori ama kwa treni afungiwe peke yake wiki tatu kabla ya kuchanganywa na wengine; ni nani Kasungami anafanya hivyo leo?

Minyoo nayo inaua polepole, hasa mvua zikianza. Yule anayenyonya damu tumboni anatambulika bila maabara. Daktari Francois Malan wa Afrika Kusini na wenzake walitengeneza kadi ya rangi tano: mfugaji anafungua kope la chini la jicho la mbuzi na kulinganisha. Likiwa jekundu, mbuzi ni mzima na hapewi dawa. Likiwa jeupe kama karatasi, atibiwe leo hii. Njia hiyo inapunguza dawa, inaokoa pesa, na inafuata hasa kile ambacho kanuni za bio zinataka. Kuna la kuongeza lisilogharimu kitu: wakati wa mvua mbuzi wasifunguliwe kabla umande haujakauka, kwa sababu mayai ya minyoo yakishaanguliwa, vitoto vyake vinapanda kwenye majani na maji ya umande.

Jambo la mwisho la zizini ni beberu. Akiachwa na majike mwaka mzima, watoto wanazaliwa mwezi wa nane na wa tisa, mama hana maziwa, mtoto anakufa. Mimba ya mbuzi ni siku 150 hivi. Akipandwa mwezi wa sita ama wa saba, anazaa Novemba ama Desemba, majani yakiwa mabichi. Wamasai wanamfunga beberu kipande cha ngozi chini ya tumbo ili asipande kabla ya wakati wake. Ngozi hiyo inaweza kukatwa hata kwenye kiatu cha zamani.

Nani alipe?

Viongozi wa nchi wanapenda kusema kwamba wakati umefika wa udongo wa juu kulipiza kisasi kwa ule wa chini, yaani kilimo kishinde madini. Ni maneno mazuri, lakini katika Haut-Katanga yanaweza kupimwa kwa franka. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inalazimisha makampuni ya migodi kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yao ya mwaka kwa maendeleo ya wakaaji wanaozunguka migodi. Mpaka sasa watu wakisikia fedha hizo wanafikiria majengo, kwa sababu jengo linapigwa picha na kuzinduliwa kwa kukata utepe. Friji ya chanjo inayotumia jua, mizani ya kupimia mbuzi, mbegu za mbaazi na mshahara wa munganga mmoja wa mifugo kwa komini nzima ni gharama ya kitu kidogo kuliko ukumbi mmoja wa mikutano. Kasungami si mgodi, na huenda kampuni ikasema haimhusu. Jimbo halina kisingizio hicho, maana nalo linapokea sehemu yake ya mrabaha wa madini.

Alama ya Kilimohai inaweza kuja baadaye, na si lazima ianze na wakaguzi wa kulipwa kutoka mbali. Afrika Mashariki inakubali pia vikundi vya wakulima na wafugaji vinavyokaguana vyenyewe, kila mmoja akiingia kwenye zizi la mwenzake na daftari mkononi. Wanawake wa Kasungami wana desturi ya likelemba, wanajua kuaminiana kwa pesa na kumtoa anayedanganya. Kikundi kinachoweza kuendesha likelemba miaka mitano bila ugomvi kinaweza kuendesha daftari la mbuzi.

Mvua za kwanza zinangojwa mwisho wa Oktoba ama Novemba. Kabla hazijaanguka, komini ya Annexe ina muda wa kuandika vipande vipi vitafungwa na ni nani atakata majani yake. Wafugaji wana muda wa kusimamisha kichanja chenye paa, kupanda mbaazi mvua ya pili ikishuka, na kutengeneza orodha ya majina kwa ajili ya chanjo. Mwezi wa tatu mundu unaingia kazini.